Mpemba ya Karavani

Nianze na aibu yangu kwanza, kisha tutaenda vizuri: miaka tatu yote kule chuo cha ISP Lubumbashi nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba kwetu Kalemie tuko na "nyumba ndogo mbele ya ziwa". Kweli ni ndogo. Kweli iko mbele ya ziwa. Lakini si nyumba, ni karavani.

Karavani njo ile chumba ya bati wazungu wanafunga nyuma ya motokari, wanaenda nayo safari, wanalala ndani, wanapika ndani. Hii yetu ilikuwa ya enjenyeri mumoja aliyefanya kazi kule Bendera, na Papa yangu alikuwa shofere wake. Muzungu aliporudi kwao akamuachia Papa karavani. Papa akaivuta mupaka Kalemie, akaiweka kwenye kiwanja kando ya njia inayotoka gare ya treni kwenda port ya ziwa, akatoa magurudumu akauzisha, akaikalisha juu ya matofali ili Mama auzie samaki mule. Kisha Papa akakufa. Ndugu zake wakakuja kwa kilio, na kilio kilipokwisha wakachukua nyumba yetu ya Kataki, vitanda, baiskeli, ile kinga ya Papa, hata kalenda ya ukutani. Karavani wakaiacha kwa sababu haina magurudumu. Mama akaingia ndani yake na masufuria mbili, na pale njo anakaa. Hana kwingine. Nasema hana kwingine.

Basi mimi nafika siku ya kwanza ya juma na treni ya Kabalo, vumbi mupaka kwa meno, diplome iko ndani ya valizi, tena na distinction! Njia yote nimepanga namna nitaitangaza. Nitasimama kwa mulango, nitaweka mukono kwa kiuno, nitasema: "Mama Hortense, unaongea na gradué." Naingia kiwanjani, nakuta Mama amekaa chini, mugongo kwa bati, miguu imenyooka kama muntu wa matanga. Na juu ya kichwa chake, ukutani, musalaba mwekundu wa rangi, mukubwa kumushinda mwenyewe.

"Mama! Nani amekufa?"

"Hii," akasema, akapiga karavani na kisogo. "Siku ya posho, hii Jumamosi, asubuhi wanakuja kuitupa."

Maneno ya diplome yakarudi tumboni.

Mambo yalikuwa hivi. Mugeni mukubwa anakuja toka Lubumbashi, atashuka gare, atapita kwa njia yetu, atapanda bateau kwa port. Kwa hiyo kila kintu kibaya kwenye ile njia kitoke mbele ya posho. Kamio za mizigo zilizokufa, mapipa, mitumbwi iliyooza, yote imepigwa musalaba mwekundu. Na aliyepewa kazi ya kupiga misalaba alikuwa Adalbert, kijana wa Mama toka zamani, maana Mama alimufundisha katekisimu akiwa mutoto wa miaka sita.

Muchana uleule akapita tena, anahesabu misalaba yake, na wafanyakazi wane nyuma yake na mabelesi. Nikamukimbilia.

"Papa Adalbert, samahani..."

"Ni Citoyen, mwananchi, si Papa," akasema. Kwa biro, pale ofisini, anaitwa na jina la mababu, hili la ubatizo limekatazwa na Leta, yaani serikali, hataki kulisikia kwa njia.

"Adalbert!" Mama akaita toka pale chini, sauti yote. "Mimi njo nilikuwa nakushika mukono ukilia kwamba unaogopa picha ya shetani. Leo unanipiga musalaba?"

Wafanyakazi wakacheka. Adalbert akarekebisha koti yake ya abakosi.

"Mama Hortense, mimi na wewe hatuna neno. Neno liko na hii kintu. Sema mwenyewe, hii ni rangi gani?"

"Buluu."

"Buluu! Ninyi, hii ni buluu?"

"Ni rangi ya supu ya ndagala, shefu," mumoja akajibu. "Tena ya jana."

"Unasikia? Nyumba ya muntu inaonekana nyumba. Hii ni karakasa, muzoga wa motokari."

"Na ikionekana nyumba?" nikauliza. Mudomo wangu huwa unaenda mbele, mimi nafuata nyuma.

Akaniangalia toka viatu mupaka kichwa. "Posho saa mbili nitapita hapa. Nikikuta inang'aa, naendelea na njia yangu. Nikikuta hivi, kamio iko na kamba ya chuma, bonde ya takataka iko pale. Siku tano, mademoiselle."

Akaenda. Mama hakusimama. Alikuwa anaangalia ziwa tu, na mukono wake ulikuwa unachezeacheza bati nyuma yake, kama vile muntu anatuliza nyama itakayochinjwa kesho.

Siku ya pili asubuhi nikazunguka magazini yote ya muji kutafuta rangi. Hakuna. Nasema hakuna hata kopo! Rangi yote ilikwisha kuchukuliwa kupaka mawe. Ndiyo, mawe: yale ya pembeni ya njia, mugeni ayaone meupe. Kwa magazini ya mwisho niliomba hata ile inayobaki kwa mufuniko. Wakanicheka.

Nilirudi nikilia barabarani bila haya. Kwa mulango wa kiwanja nikapishana na Papa Ignace, muzee jirani yetu, aliyekuwa anapaka wagoni za relwe maisha yake yote mupaka macho yakaingia ukungu. Sasa anaona kivuli tu. Akaniuliza nalia nini, nikamumwagia yote kwa pumzi moja. Hakusema pole. Akatembea polepole mupaka kwa karavani, akalamba kidole, akasugua bati, akaninyoshea kidole.

"Unaona nini?"

"Unga mweupe."

"Na pale nimesugua?"

Nikaangalia. Yesu wangu. Pale, alama kama kucha ya mutoto, buluu! Buluu ya kweli, kama ziwa saa nne.

"Rangi haikufa," Papa Ignace akasema. "Jua limeichoma juu tu, ikawa unga. Chini iko nzima. Wewe uko unatafuta rangi dukani, kumbe rangi iko hapa, inataka kuvuliwa nguo."

"Papa Ignace!" Mama akasema, na nikaona karibu atacheka.

"Kwa wagoni za premiere, zile za matajiri, tulikuwa tunatumia mpemba, ule udongo mweupe. Usitumie muchanga, muchanga unakula. Majivu pia hapana. Mpemba, laini. Uitwange, uichunge kwa nguo nyepesi kabisa, uichanganye na maji kidogo. Paka ukuta wote, acha ikauke. Kisha futa na nguo, muzunguko, muzunguko, bila haraka. Kisha nta na petrole ya taa, ishike mwangaza. Kitunga kizima cha mpemba kitatosha pande zote."

"Na musalaba?"

"Ule ni mubichi. Petrole itautoa sasa hivi."

Nikautoa palepale. Mama alishika kichwa: "Umefuta mukono wa Leta! Watatufunga sisi pamoja na karavani!" Lakini alikuwa amesimama. Toka jana, mara ya kwanza amesimama.

Sasa sikieni upumbavu wangu, maana hapa njo mambo yaliharibika, na niliyaharibu mimi.

Mpemba sokoni unauzwa vipande vidogo kwa wamama wenye mimba, wanatafuna. Na kwetu uko na kazi ingine kubwa zaidi: mapasa, watoto wawili wa tumbo moja, wakizaliwa, wazazi wanapakwa mpemba, nyumba inapakwa mpemba, wamama wanakuja na nyimbo zao. Hayo yote nayajua toka utoto. Lakini nikafika sokoni na furaha ya ile buluu ndogo, nikamuambia Mama Élisabeth, muuzaji: "Nipatie kitunga chote."

"Chote? Tumbo gani hiyo inakula kitunga?"

"Ya mapasa, Mama!" nikasema, nikacheka. "Tena mapasa wanene!"

Akafungua kinywa. Akaangalia tumbo langu, akaangalia mukoba wangu wa Lubumbashi, akafunga kinywa. Nikabeba kitunga kichwani nikaenda naimba. Ningejua, ningekula ule mpemba wote palepale, nijizibe koo.

Siku ya tatu tukatwanga. Tukachunga kwa kitu gani? Kwa ba, soksi zangu ndefu za nailoni, pea moja tu, niliyoivaa siku ya proclamation, walipotangaza matokeo. Unga ukatoka laini kama poda ya mutoto. Mama alipaka upande wa njia na mikono yote miwili, mimi nikapaka mbele. Muchana kuta hizo mbili zilikuwa nyeupe zote, na nusu ya kitunga ilibaki kwa upande wa ziwa, ule wenye mulango. Kwenye kona nilijaribu kufuta kidogo. Muzunguko, muzunguko, mabega yanawaka moto. Saa nzima kwa nafasi ya sinia moja. Lakini ile sinia! Buluu, na chini yake mustari mwekundu ambao hata Mama alikuwa amesahau kwamba uko.

"Papa yako alikuwa anaupenda huu mustari," akasema. Kisha akahesabu kwa vidole, na uso wake ukaanguka. "Bertille, sinia moja saa moja. Hatutafika."

"Tutafika, Mama."

"Hatutafika. Na wakiitupa, mimi niende kulala kwa nani? Kwa ndugu za Papa yako? Nikalale kwa kitanda changu mwenyewe kama mugeni?"

Nikachukua nguo tena. Tukafuta mupaka giza lilituzuia.

Siku ya nne asubuhi, jua bado changa, nasikia makelele kwa njia. Wamama! Kumi, kumi na tano, wanapiga masufuria, wanakuja kwetu, na mbele yao Mama Léontine, jirani wetu wa Moba, mwenye kuuzisha asali na nta. Mimi nikafikiri Papa Ignace amewaambia shida yetu, wamekuja kutusaidia kufuta. Nikawakimbilia na mikono juu!

Mama Léontine alipoona karavani nyeupe yote, akapiga kigelegele kilichofika port. "Ni kweli, wamezaliwa! Nyumba imepakwa!" Na palepale wakaanza zile nyimbo za mapasa, zile za matusi, siwezi kuandika maneno yote. Moja ilikuwa inauliza baba yao amejificha wapi, mwanaume wa Lubumbashi mwenye magoti ya korongo, aliwezaje wawili kwa mara moja na miguu ile. Wakaingiza mikono kwa kitunga chetu, wakajipaka mashavu, wakanipaka mimi uso, shingo, mikono. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheza. Nilicheka na kucheza kama mujinga mumoja, kwa sababu nyimbo ni tamu na nilikuwa nimechoka kulia. Ilinichukua muda kuelewa ni kwa nini wananitukana mimi.

"Mama ya mapasa, tuonyeshe!" wakaimba. "Wako wapi?"

Mama akatoka ndani. Hakuwa anacheka.

"Léontine. Hakuna mapasa."

"Hawaonyeshwi kwa watu wengi, najua," Mama Léontine akasema, bado anacheza. "Tutangoja."

"Hakuna, nakuambia. Hakuna mimba, hakuna bwana. Kuna karavani, na posho wanaitupa. Mpemba ni ya kusugulia bati."

Masufuria yakanyamaza moja moja. Wakageuka wote kuniangalia.

"Wewe ulimuambia Élisabeth nini sokoni?" Mama Léontine akaniuliza polepole.

"Nilikuwa... ni michezo tu, Mama Léontine. Nilicheka tu."

Akaja karibu sana. Mpemba ilikuwa inadondoka kwa mashavu yake. "Mimi nilizaa mapasa. Unajua walikaa siku ngapi? Tisa. Mupaka leo nikiwataja natema mate kwanza, nikiomba wasikasirike. Na wewe muntu wa masomo unawaita sokoni kwa kucheka? Unawapakia chakula chao kwa bati?"

"Mama Léontine, nakuomba..."

"Hii haitasugua kintu tena." Akainama, akabeba kitunga. "Imekwisha kuitwa kwa jina lao."

Wakaenda nacho ziwani. Nilimufuata nikivuta kitenge yake, nikapiga magoti kwa muchanga, nikamuambia achukue mimi, aache kitunga, Mama yangu hana kwingine. Hakugeuka. Akaingia maji mupaka kiuno, akamwaga yote. Maji yakawa maziwa, kisha yakawa maji. Sokoni hakukubaki mpemba ingine. Na hata ingebaki, nani angetuuzia?

Ile siku yote Mama alipanga samaki zake, mugongo kwangu. Ningependelea anipige.

Siku ya tano akaamka mbele yangu, nikakuta amesimama na nguo yenye maji mbele ya ukuta mweupe, hathubutu kugusa.

"Hii iko ukutani," akasema bila kuniangalia, "ilipakwa mbele ya wao kuja. Tunaiondoa tu. Kuondoa si kosa. Sawa?"

"Sawa, Mama."

"Wewe usiseme kintu. Kinywa chako kipumzike leo."

Tukafuta. Nilifuta mupaka vidole vikatoka ngozi, nikafunga kitambaa, nikafuta na kitambaa. Papa Ignace alikaa kwa kiti anasikiliza, kweli, anasikiliza: "Pale unakimbia, nasikia. Rudi." Nta ya Mama Léontine hatukuweza kuiomba, tukayeyusha mishumaa mitano ya nyumbani ndani ya petrole. Na jioni upande wa njia ulikuwa umetoka wote. Buluu juu, rangi ya maziwa chini, mustari mwekundu katikati, na mbele kidogo pia. Watu wa kinga walikuwa wanasimama. Mumoja aliuliza tumeinunua wapi.

Lakini upande wa ziwa! Pale mpemba haikufika. Pale bado supu ya ndagala, na matundu yaliyozibwa na bati za sardini, na mulango unaoshikwa na nyaya. Nikajaribu dawa ya meno, tube ikaisha kwa nafasi ya sahani. Nikajaribu majivu, yakala rangi mupaka bati, sawa Papa Ignace alivyosema. Nikatupa nguo chini, nikalia sana. Kazi yote ile, na Adalbert ataizunguka, na ataiona.

Posho saa mbili, kamio hii hapa. Kamba ya chuma imezungushwa nyuma, wafanyakazi wane juu. Adalbert akashuka. Akasimama. Akavua kofia.

"Nani aliwapa rangi?"

"Hakuna," Mama akasema. "Ni ile ile."

Akaweka mukono juu ya bati, akautoa haraka kama amegusa moto, akaurudisha. Mufanyakazi mumoja akapiga mluzi. Mimi nilikuwa nashika mukono wa Mama, nasema moyoni aende, aende, asizunguke, aende.

Kisha nikaona uso wake unageuka. Si hasira. Mubaya kupita hasira: aliipenda.

"Mama Hortense," akasema na sauti ya sukari, "protokole, wale wanaomupokea mukubwa, wananisumbua toka jana. Mukubwa anahitaji nafasi ya kupumzika pale port mbele ya bateau. Mimi nilikuwa sina. Sasa niko nayo."

"Uko na nini?"

"Mutaiazimisha Leta. Wavulana, tuteremushe mbao, tutaipandisha juu ya kamio."

"Kwa siku ngapi?" nikauliza.

Akawageukia wavulana wake. Wote tunajua. Kintu kikiingia kwa mukono wa Leta hakirudi hata siku moja.

Mama alikaa chini palepale, miguu imenyooka. "Adalbert," akasema, na hakupaza sauti hata kidogo. "Ikiwa mbaya unaitupa. Ikiwa nzuri unaichukua. Niambie wewe, niifanye namna gani ili niachwe?"

Wafanyakazi wakaangalia chini. Adalbert akavaa kofia. "Toeni vintu vyake," akasema. "Polepole."

Wakatoa. Sufuria, sufuria, godoro, samaki zake za moshi kwa kamba, viatu vya Papa. Vyote kwa njia, mbele ya watu. Ng'ambo nilimuona Mama Léontine amesimama na mikono kifuani, hasogei. Mimi nikashikwa na wazimu. Nikafungua valizi, nikatoa diplome, nikaipeperusha mbele ya pua ya Adalbert: "Mimi ni gradué! Na distinction! Nitaandika kwa Lubumbashi! Nitaandika mupaka kwa..."

"Andika," akasema.

"Bertille," Mama akaniita toka chini. "Ulishinda?"

"Ndiyo, Mama."

"Na distinction?"

"Ndiyo."

"Na njo unaniambia leo? Hivi?"

Nikakaa karibu naye juu ya godoro, katikati ya njia.

Jeep ya protokole ikafika. Akashuka mama mumoja wa Lubumbashi, kitenge ya bei, viatu virefu vinazama kwa muchanga. Akaona upande wa njia, akapiga makofi: "Ah! Citoyen, hii njo kintu! Mukubwa atafurahi. Mulango uko wapi?"

"Upande wa ziwa," Adalbert akasema. Akamuongoza mwenyewe, anatabasamu, maana mwenyewe alikuwa bado hajaenda kule.

Wakazunguka. Nyaya ya mulango ikalia. Kisha tukasikia kelele, kisha tukasikia kicheko, kicheko cha kuchinja.

"Mukubwa aingie humu? Humu? Ndani kunanuka samaki mupaka kwa dari! Na hizi ni nini? Sardini? Citoyen, umeziba nyumba ya Leta na sardini?"

"Mama, kule kwa njia..."

"Kule kwa njia! Ninyi watu wa Kalemie munapaka poda shavu moja, lingine munaliachia nzi!" Akarudi kwa jeep anatikisa muchanga kwa viatu. "Kibanda cha kuku! Nitawasimulia kwa biro mupaka Krismasi."

Jeep ikaondoka. Wafanyakazi walikuwa wamegeuka nyuma, mabega yanatetemeka. Adalbert akasimama peke yake kati ya kamio na karavani. Aliangalia saa yake. Aliangalia njia ya gare. Akaangalia ule upande wa buluu, muda murefu.

"Kwa njia inaonekana nyumba," akasema mwisho, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akapiga kelele: "Panda kamio! Munangoja nini? Na wewe, mama, toa godoro kwa njia, mukubwa anapita saa tatu!"

Tukaburuza godoro. Saa tatu na nusu motokari nane zikapita, vioo vimefungwa, vumbi likatua juu ya buluu yetu. Yule mukubwa sijui hata alikuwa katika ipi.

Na kinywa changu, munakijua. "Mama, juma lijalo nitamuomba Mama Léontine musamaha, nitapeleka kuku, na nikipata mpemba toka mbali nitamaliza upande wa ziwa. Itatoka muzuri, utaona, itakuwa..."

"Ukigusa ule upande," Mama akasema, "nitakurudisha Lubumbashi kwa miguu."

Akachukua sufuria ya majivu, akatia maji na udongo wa kiwanja, akakoroga na mukono. Akaenda mbele ya karavani, pale nilipofuta mimi mwenyewe, pale panapoonekana toka port, akaanza kupaka. Nikapiga kelele. Ile ilikuwa siku nzima ya vidole vyangu!

"Hapa ilizidi," akasema.

Akarudi nyuma mupaka katikati ya njia, akafunga jicho moja, akapima kama fundi. Akarudi, akaongeza matope kidogo pembeni ya dirisha, kidogo tu. Akarudi tena kwa njia. Alipita hivyo mara tatu, na mimi nalia na kucheka, na mwisho nikaingiza mukono wangu pia kwa sufuria, nikamuuliza wapi.

"Pale chini. Usijaze." Akaangalia tena. "Sasa. Muntu akipita atasema, kuna mwenye kukaa pale. Na ataendelea na njia yake."